Mukono Mbele ya Uso

Nyinyi vijana wa kompyuta, munaochapisha mabango pale Birere, sogezeni viti. Sikuja kuwagombeza. Kugombeza nilikwisha zamani, wakati bashi zenu, yale maturubai ya plastiki yenye picha, zilipoanza kuning'inia kila mulango, na wateja wangu wakawa wananiuliza, "Mama Furaha, juu ya nini unakawia na kitu yenye mashini inatapika mbele chai ipoe?" Nilikasirika, nikanuna, kisha nikazoea. Leo nimepumzika. Mukono wa kulia unatetemeka, chai ninashika kwa mikono yote miwili kama padri na kikombe chake, lakini ninakula vizuri, ninalala vizuri, na wajukuu wananisumbua kama inavyotakiwa. Mungu asifiwe.

Kazi yangu maisha yote ilikuwa kuandika vibao. Maduka, famasi, mafundi wa cherehani, malori ya Butembo, vinyozi, hata misalaba ya makaburi. Kama ulijifunza kusoma kwa kutembea Birere, basi labda mimi ndiye niliyekufundisha, na hujaniletea hata soda. Na aliyenifundisha mimi ni Prof Kakule, mwalimu wa kuchora. Amefariki, na ninawaambia habari zake kwa sababu nina haja na mumoja wenu. Haja yenyewe mutaisikia. Musiniharakishe.

Alinikuta ninauza mandazi. Nilikuwa musichana mugeni kutoka Kalengera, nimekaa pembeni ya njia na karatoni niliyoandika kwa makala, mukaa wa jikoni: MANDAZI YA MOTO. Akaja mwanaume mufupi, kipara kinang'aa, chaki mfukoni mwa shati. Akanunua moja, akala, akaitazama karatoni.

"Mandazi iko tamu," akasema. "Lakini herufi zako zinateremuka sawa batu banakimbia mvua. Nani anazifukuza?"

Nilikuwa na mudomo wakati ule. Nikamujibu, "Papa, ulikuja kula ao ulikuja kusoma?"

"Kula. Lakini macho haina adabu, inajikulia yenyewe." Akacheka, akajifuta mafuta kwenye suruali. "Jumamosi ukuje Himbi, kwangu, nyuma ya masomo kuisha. Ukuje na kikopo."

"Kikopo ya nini?"

"Ya maji."

Nilienda kwa udadisi tu, nataka kuona wazimu wake unaishia wapi. Nikakuta watu wamechuchumaa uani, wakubwa kwa wadogo, kila mutu na kikopo chake, wanachora kwa maji juu ya mawe ya volkano. Ndiyo shule yake ile. Munajua jiwe letu: likikauka ni la kijivu, likiloa ni jeusi tii. Unachovya pinso, brashi yako, unachora sufuria, na kabla hujamaliza mukono wa sufuria, jua limekwisha kula kifuniko. Unaanza tena. Nilimuuliza Prof kwa nini hatupewi karatasi kama watu wa maana. Akasema karatasi inamufundisha mutu kupenda kazi yake upesi mno. "Jiwe linasahau. Na wewe usahau, uchore ingine." Nilichora sufuria ile mpaka nikaichukia, na mpaka leo nikitaka kukuchorea sufuria, ninakuchorea huku ninaongea habari nyingine.

Kazi ya vibao nilianza mapema kuliko akili yangu. Tajiri mumoja wa Butembo alifungua duka la vyuma, akaniagiza niandike QUINCAILLERIE juu ya bati. Nikaanza na Q kubwa, nzuri, yenye mukia kama wa mbwa mwenye furaha. Nikaendelea kwa raha zangu mpaka bati likaisha, na mimi niko kwenye L ya pili. Tajiri akaja, akasimama, akasoma polepole. Kisha akaniuliza, "Na ile ingine iko wapi? Iko inakuya na lori?"

Nililibeba bati mpaka Himbi, machozi yananitoka. Prof alicheka mpaka akakaa chini juu ya mawe. Alipopata pumzi akaniambia, "Furaha, ukigawa nyama, ule wa mwisho kwa mustari naye ana tumbo." Akanionyesha namna ya kugawa: hesabu herufi zote, tafuta ya katikati, anza pale, uende kushoto na kulia. Na herufi hazilingani. I anakula kidogo, M anakula ya watu wawili. Kompyuta zenu zinajua hayo, lakini ninyi wenyewe hamujui, ndiyo maana mashini ikikosea munaikubalia.

Mengine nilijifunza kwa kuumia. Ukuta wa jiwe la volkano ni mulevi: usipoupaka chokaa kwanza, ukarudia, utakunywa rangi yako yote na bado utakuomba. Rangi ya mafuta usiifungue wakati wa vumbi. Ngoja mvua inyeshe, vumbi lilale, ndipo ufanye kazi haraka kabla moto za abiria, zile pikipiki, hazijaliamusha. Na inzi wanapenda rangi nyeupe. Nilikuwa na famasi moja yenye nukta kwenye herufi zisizo na nukta, na muganga wake mpaka leo anafikiri ni mutindo.

Lakini niwaambie tabia ya Prof iliyotutesa wote. Hakupenda foto. Ukimuelekezea simu tu, mukono unapanda mbele ya uso, kiganja wazi, kama mutu anayezuia jua. Kwenye harusi, mukono. Kwenye ubatizo wa wajukuu, mukono. Tukimulalamikia, alisema, "Kama munataka sura yangu, muichore. Makala munayo." Na sisi tukacheka. Nani angemukalisha Prof Kakule kwenye kiti, amuambie asitikisike? Hakukaa hata wakati wa kula. Tukaacha. Tulifikiri yupo tu, kama ziwa.

Halafu akaenda Butembo kwenye ndoa ya mujukuu. Alicheza, walisema, alikula vizuri, akalala, hakuamuka. Munajua wenyewe hali ya njia, ilifungwa nyuma yake. Maiti haikuweza kushuka Goma, na muke wake, Mama Masika, hakuweza kupanda. Wakamuzika kule kwa ukoo wake, na sisi huku tukasikiliza maziko kwa simu, sauti inakatika, wimbo unaingia nusu, upepo unaingia muzima.

Kilio bila maiti ni kigumu, wanangu. Shitingi, maturubai ya kivuli, zilifungwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, wamama wakaweka maharagi motoni, lakini watu walikuwa wanaingia na hawajui walie wakielekea wapi. Padri alikuwa anakuja Jumamosi kwa misa. Mama Masika aliniita mimi na Déo. Déo ni mwenzangu wa mawe na maji. Yeye anachora mabango ya afya kwa maofisi ya pale Himbi. Mama alikuwa amekaa kwenye mukeka, macho makavu.

"Furaha," akaniambia, "mwili yake sina. Kaburi yake sitaiona, labda siku moja, labda hapana. Mi nataka sura yake tu, pale ku meza, na mushumaa. Nitalia naangalia nani? Ukuta?"

Nikamuambia, "Mama, usiwe na wasiwasi." Niliahidi kwa mudomo mukubwa, kama kawaida yangu.

Foto za nyumbani zilikuwa zimekwenda na nyumba ya kwanza, volkano iliposhuka. Tukatafuta kwenye simu za wajukuu, simu moja baada ya nyingine. Kiganja. Kiganja. Kiganja na keki. Mukono wa Prof tulikuwa nao kwa wingi, na mistari yake yote ungeisoma, uso, hapana. Déo akasema, "Yaya Furaha, dada yangu, yeye mwenyewe alisema tumuchore. Basi tumuchore."

Tukakaa na makala, watu wawili waliokula kwa kuchora maisha yao yote. Aibu! Mukono wangu ulikuwa unatetemeka, na wa Déo, ambao hautetemeki, ulikuwa na hofu, ambayo ni mubaya zaidi. Kila tulipofunga macho kumukumbuka, alikuwa anageuka kwenda kumurekebisha mutu mwingine. Nikamupelekea Mama Masika karatasi yangu. Akaiangalia kwa huruma.

"Pua hii ni ya kaka yake."

Déo akampa yake. Ilikuwa nzuri, ninakiri, na kivuli chini ya shavu na kila kitu.

"Huyu ni mutu muzuri," Mama Masika akasema. "Angekuya, ningemupatia kiti. Lakini simujui."

Nililia siku ile kuliko siku ya kifo chenyewe. Mutu amekufundisha kuona, na wewe huwezi hata kumurudishia pua yake.

Ijumaa ikabaki fotokopi ya karita yake ya kuchagua, kadi ya kupigia kura, iliyokuwa chini ya godoro. Nikaichukua, nikapanda moto mpaka Birere, kwa mumoja wenu. Simutaji, yuko hapa, anaangalia viatu. Akaikuza picha kwenye kioo. Ilitoka gunia la makala lenye matundu mawili. Nikamuambia huyu si mutu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, hakuna shida. Naweza kumuongezea macho ya mutu mwingine."

Macho ya mutu mwingine! Nilitoka pale bila kuaga, maana ningebaki ningesema maneno ambayo mama wa kanisa hasemi. Miguu ikanifikisha kwenye kona, kwenye kibanda cha kinyozi, kijana Espoir, nikajitupa kwenye benchi lake la nje nipate kivuli.

Juu ya mulango wake kuna kibao cha bati ambacho mimi mwenyewe nilikiandika, zamani, baba yake Espoir akiwa bado ananyoa. Mutu wa vibao akiona kazi yake ya zamani haangalii uzuri, anaangalia ugonjwa. Nikaangalia kutu kwenye pembe. Nikaangalia maandishi: HAPA TUNANYOA BABA NA MUTOTO. Sawa, yamegawanyika vizuri. Nikaangalia kichwa cha mwanaume kilichochorwa katikati, nywele zimechongwa, ndevu zimepangwa. Na kichwa kikaniangalia mimi.

Nikasema kwa sauti, watu wanapita, "Prof, unafanya nini hapa?"

Alikuwa ni yeye. Jicho moja dogo kuliko lingine, kama mutu anayepima. Mudomo unaojizuia kucheka. Sikumuchora kwa kukusudia, ninawaapia. Baba yake Espoir alitaka mwanaume, mwanaume yeyote, nami nikachora harakaharaka bila kumuangalia mutu. Prof alikuwa ametukataza kufanya hivyo. Alisema usichore mutu wa kichwani, kwa sababu mukono haukubali kukosa mutu: usipoupa wa kuangalia, utakuchorea ule unayemupenda. Sisi tulifikiri anatuonya tu juu ya uvivu.

Espoir akatoka na mashini ya kunyolea mukononi. "Mama Furaha, uko na nini? Nikuletee maji?"

"Huyu mutu," nikamuonyesha kibao, "unamujua?"

"Ule? Si ni ule muzee wa Himbi, mwenye kipara?" Alisema kama kitu ambacho muji mzima unakijua. "Anakuyaka hapa sana. Mi najiuliza namunyoa nini, nywele haiko. Ananiambia, nyoa ndevu. Anaketi pale, anainua kichwa, anaangalia kibao, anajichekea. Siku moja nilitaka kuitoa, niweke bashi ya kisasa. Akakatala kabisa. Alisema nikiitoa, yeye hakuye tena."

"Hakusema juu ya nini?"

"Alisema. Alisema, 'Mwanafunzi yangu aliniiba hapa. Mi sijamuambia. Nikimuambia, ataanza kurekebisha.'"

Espoir alikuwa anacheka. Hakujua. Nilipomuambia kwamba muzee amekufa, alizima mashini, na muteja wake ndani akabaki na kichwa nusu.

Alipanda kwenye kiti, akafungua misumari yeye mwenyewe. Tukakifunga kibao kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kimesimama wima, na yule kijana wa chukudu akasukuma njia nzima hadi Himbi huku watu wanageuka. Mara akaniuliza, "Mama, huyu muzee anagombea kiti gani?" Nikamuambia, "Kiti cha kwake, nyumbani." Akasema atamupigia kura, ana sura ya mutu asiyeiba.

Tulipofika, Déo alikasirika. Alisema hatuwezi kuweka kibao cha kinyozi kwenye meza ya misa, watu watatucheka, angalau tufunike maandishi kwa kitenge. Bado anaongea, Mama Masika akainuka kwenye mukeka. Akasogea. Akasimama mbele ya kibao kwa muda murefu, karibu sana, kama mutu anayesoma dawa.

"Furaha. Hii nywele ulimuona nayo wapi?"

"Sikumuona nayo, mama. Mi nilimujua na kipara. Ni kwa sababu ya kinyozi tu, nilimuwekea."

"Njo hii, ndiyo hii kabisa," akasema. "Njo ile alikuwa nayo akikuya kwetu kunichumbia. Alikuwa anaichana na kitana ya dada yake." Na hapo sauti ikamutoka, kile kilio alichokuwa amekibana tangu simu ya Butembo, na wamama wote wakaacha maharagi wakamufuata. Maharagi yaliungua. Hakuna aliyejali.

Kitenge hakikufunika kitu. Jumamosi padri alisoma misa mbele ya mushumaa na kibao, na watu walipoingia walijua walie wakielekea wapi. Bibi mumoja muzee, macho yake hayaoni vizuri, alisoma BABA NA MUTOTO akafanya ishara ya musalaba, na jirani yangu akanong'ona, "Bado Roho Mutakatifu." Tukacheka tukiwa na machozi, nikaona hata bega la padri linatikisika. Prof angefurahi. Hakupenda watu wanaolia kwa mustari mumoja.

Kilio kilipokwisha nilifikiri Mama Masika atakatala kukitoa kibao. Nilikuwa tayari kumuandikia Espoir kingine. Lakini yeye mwenyewe alimuita kijana, akamuambia, "Mutoto wangu, chukua. Arudi kazini. Hata zamani nyumbani hakukaa." Basi kikarudi juu ya mulango. Na sasa, Jumamosi, Mama Masika anavaa kitenge chake kizuri, anapanda moto mpaka Birere, anaketi kwenye benchi la nje pamoja na vijana wanaosubiri kunyolewa. Wageni wanafikiri ameleta mujukuu. Anamuambia bwana yake bei ya mafuta na habari za watoto. Espoir amezoea, akiwa na makelele ya muziki, anapunguza.

Sasa haja yangu. Juzi Mama Masika aliniambia sikio la kushoto limeanza kubanduka. Nilienda nikaona: rangi imeinuka, mvua mbili tatu itaondoka, na baada ya sikio ni shavu. Mimi siwezi. Nilijaribu kwenye bati lingine, mukono ulipiga mustari kama njia ya Masisi, makona matupu. Déo anaweza, lakini anakatala, anasema atamuharibu.

Kwa hiyo ninamutaka mumoja wenu. Rangi ninayo, pinso ninazo, chokaa na mawe viko uani kwangu, na subira nitawakopesha. Najua mutasema hamukumujua Prof Kakule, mutachoraje sikio la mutu ambaye hamukumuona. Si vibaya kuuliza. Utakaa kwenye benchi Jumamosi, karibu na Mama Masika, utamuuliza taratibu. Yeye anajua lile sikio lilikuwa linaishia wapi. Na simu uiache kwangu.